Kumuuguza Sajini, Mbwa wa Miguu Mitatu

Mbwa akikatwa mguu, anayekuchosha si yeye. Wanaokuchosha ni wenye miguu miwili. Ninaandika haya kwa sababu ya binti yangu, ambaye mbwa wake amepasuliwa tumbo huko mjini anakoishi, na kila siku ananipigia simu kuuliza kwa nini halali, kwa nini anahema, kwa nini amegeukia ukuta. Nimechoka kusema maneno yaleyale kwenye simu. Basi nimeyaandika, asome yeye, na wengine wenye mgonjwa wa aina hiyo wasome pia. Elimu ya dawa sina na sitajifanya ninayo. Wanaojifanya niliwaona wa kutosha wakati ule.

Wakati ule ni wakati wa mashamba ya ngano ya serikali. Tulikuwa tunakaa Gendabi, pembeni kabisa, mahali ambapo mashamba ya wakulima yanaishia na ng'ombe wa Wabarbaig wanaanzia. Mume wangu, Tluway, alikuwa mpaka grisi, yule anayezipaka mashine mafuta, kule shambani. Kaka yake mkubwa, Bura, alikuwa msaidizi wa stoo. Msaidizi wa stoo! Ukimsikia anavyoitaja hiyo kazi ungedhani ngano yote ya nchi imo mfukoni mwake. Yeye na familia yake walikaa kambi ya wafanyakazi, mwendo mfupi tu kutoka kwetu, na kila Jumapili alikuja kututembelea ili tumwone.

Sajini alikuwa mbwa wangu mimi. Nilimlea kwa uji tangu akiwa kitoto, mama yake alipouawa na fisi, na jina nilimpa kwa sababu alikuwa na mistari mitatu ya kahawia kwenye bega lake jeusi, kama cheo. Usiku alilinda kondoo, mchana alinifuata kila nilikokwenda. Nilimpenda, na sioni kwa nini nilizunguke neno hilo. Watu wanampenda fahali mpaka wanamwimbia na hakuna anayewacheka. Wakati huo bado sikuwa nimejaliwa mtoto, kwa hiyo kila mwenye mdomo alikuwa na maelezo yake kuhusu mimi na mbwa wangu.

Ajali ilitokea wakati wa mavuno, mwezi wa saba, baridi ya mlima ikiwa haijatoka mwilini hata saa sita mchana. Sisi wanawake tulikwenda nyuma ya kombaini, mashine ya kuvunia, kuokota masuke yaliyobaki, siku ambazo wasimamizi waliamua kutuona kama watu. Mbwa nao walikuja kwa shughuli yao. Kombaini ikiwa inakata kwa kuzunguka, ngano iliyosimama inabaki kipande kidogo katikati, na sungura wote wa shamba wamejibanza humo. Kikibaki kipande cha mwisho wanafumuka kwa pamoja, na mbwa wa kijiji wanawasubiri nje. Mbwa wenye akili wanasubiri nje. Sajini aliingia ndani.

Nilisikia sauti yake mara moja tu. Dereva akasimamisha mashine, nami nikadhani amesimama kwa ajili ya mbwa. Alishuka, akainama, akakagua visu kimoja kimoja kwa mkono, taratibu kama mtu anayechagua maharage.

"Viko salama," alisema. "Mama, toa mzoga wako hapo, nina kazi ya kumaliza."

"Si mzoga. Anapumua."

"Ataacha sasa hivi."

Nilimfunga Sajini kanga juu ya mguu wa nyuma uliopitiwa na visu, kwa kubana sana, na Tluway akaenda kumwomba dereva wa lori la ngano atubebe mpaka Katesh. Nampa mume wangu haki yake: siku hiyo alifanya jambo bila kusema "tuone kwanza". Ndiyo maneno yake ya maisha, tuone kwanza. Angezaliwa nyumba inaungua angesema hivyohivyo.

Ofisi ya mifugo Katesh ilikuwa na benchi moja nje, upande wa jua, na hapo ndipo nilipokaa na Sajini mapajani, damu ikipita kwenye kanga na kuingia kwenye gauni. Walikuwepo mwanamke mwenye mbuzi aliyevimba tumbo na mzee mmoja wa suti aliyekuja na kuku wawili kwenye kikapu. Mwanamke wa mbuzi alisogea akanipa kivuli. Mzee wa suti alitutazama mpaka akashindwa kujizuia.

"Binti, hospitali ya watu haina dawa, wewe unaleta mbwa?"

"Shikamoo mzee. Na wewe umeleta kuku."

"Marahaba. Kuku analiwa."

Aliridhika sana na jibu lake. Nilimwacha nalo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kujua kwamba ukimbeba mbwa anayetoka damu, kila mtu anajiona ameajiriwa kukufundisha maisha.

Daktari wa mifugo alikuwa mtu mkavu, hana mzaha na hana pole. Aliufunua mguu, akaufunika tena. "Huu haupo, mama. Umeshikwa na ngozi tu. Nitaukatia juu." Alimchoma sindano, akanipa kichwa cha Sajini nikishike, na kazi ikafanyika juu ya meza ya bati. Nilitazama ukuta. Kulikuwa na picha ya kupe mkubwa kuliko kiatu, na mpaka leo naweza kuichora.

Alipomaliza kushona alinieleza mambo machache, nami nawapa ninyi kama nilivyopewa. Vidonge alivyonipa nimpe na chakula, asubuhi na jioni, na nisingoje mpaka aonyeshe maumivu ndipo nimpe. Dawa za watu nisimpe hata kidogo. Asilambe kidonda. Alale pakavu, pa joto, palipo laini.

"Na usingoje alie," alisema akinawa mikono. "Mbwa mwenye maumivu makubwa halii. Ananyamaza."

Hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipoanza, kwa sababu ilibidi turudi nyumbani.

Mama mkwe wangu alikuwa anaishi nasi. Nilimlaza Sajini jikoni karibu na mafiga, bado amelewa dawa, ulimi nje. Mama mkwe alisimama mlangoni akatuzibia mwanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo ni nini?"

"Ni Sajini, mama. Amekatwa mguu."

"Mguu nauona. Nauliza anafanya nini ndani ya nyumba."

Nyumba yenyewe, niwaambie, ndama alilala ndani, mbuzi walilala ndani, na kuku alitaga chini ya kitanda cha mama mkwe huyohuyo. Lakini mbwa akivuka kizingiti, ukoo mzima umedhalilika. Nilimjibu kwa heshima zote kwamba daktari amesema alale pa joto. Akasema basi huyo daktari aje alale naye.

Kisha likaja suala la ndoo. Ile ilikuwa miaka ya uhaba, na ndoo ya plastiki ilikuwa mali. Ya kwangu ilikuwa nyeupe, niliipata duka la kijiji baada ya kupanga foleni na kukanyagwa vidole. Sajini alipozinduka, jambo la kwanza lilikuwa kugeuza shingo aufikie mshono. Nikapasha kisu moto, nikaikata ndoo kitako, nikamvisha shingoni na kuifunga kwa kamba. Kwa mguu kijiji kilikuwa kimecheka. Kwa ndoo kilinuna. Mama mkwe alienda nyumba hadi nyumba kuitangaza ile ndoo kama mtu anayetangaza msiba.

Sasa sikiliza, wewe unayeuguza. Maumivu ya mbwa hayana kelele, kwa hiyo jifunze kuyaona. Sajini alihema kama aliyetoka mbio, na hakuwa ametoka popote. Alikaa saa nzima bila kulala chini, macho yanafumba, kichwa kinaanguka, anajishtua. Aliogopa kulala, maana kulala ni kuugusa upande ule. Ukimshika pembeni ya mshono misuli yote ilikuwa inaruka chini ya ngozi. Na masikio aliyarudisha nyuma, akanitazama kwa jicho la pembeni kama vile mimi ndiye kombaini. Hilo liliniuma kuliko yote, lakini mpe nafasi, hajui nani alifanya nini.

Kidonge hakumezi ukimpa kwa mkono. Nilikifinyanga ndani ya tonge la ugali lenye samli, nikampa kwanza tonge tupu, halafu lenye dawa, halafu tupu tena. Palipovimba nilimkanda kwa kitambaa kilicholowa maji ya asubuhi, na maji ya asubuhi ya Gendabi mwezi wa saba hayahitaji barafu. Kumtoa nje kukojoa nilimpitishia kanga chini ya tumbo, nikaibeba sehemu yake ya nyuma kama mtu anayebeba mkoba, yeye akitembea na miguu ya mbele. Mguu uliobaki ulitetemeka kwa kazi ya miwili. Nilimgeuza upande kabla hajachoka. Nilimsemesha. Na kama mbwa wako akigeuka kulamba kucha za mguu ambao haupo, usishtuke na usicheke. Sajini alifanya hivyo kila jioni, akigonga ndoo sakafuni, akiutafuta.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Wageni walikuja, na kila mmoja alimwacha mwenyeji hoi zaidi. Katekista wa kigango chetu aliingia na kunikumbusha kwamba mbwa hana roho. Nikamwambia sijamwita padri, nimemkanda kwa maji tu. Jirani mmoja aliniletea vidonge vyake vya jino, vilivyobaki kwenye karatasi, na akasisitiza nimpe viwili. Nilivipokea kwa mikono miwili na kuvitupa chooni. Mwingine alisema haya yote yanatokana na kutokuzaa, akayasema jikoni kwangu, mbele yangu, huku anakunywa chai yangu. Na mume wangu, Mungu ambariki, alileta kopo la grisi nyeusi ya trekta kupaka mshono. Mpaka grisi akiona ugonjwa wowote duniani, anaona kitu kinachohitaji grisi.

Aliyenisaidia alikuwa mmoja. Ng'ambo ya korongo kulikuwa na boma la Wabarbaig, na mama mwenye boma tulimwita Mama Gidamis. Wale wageni wangu wote walikuwa na maneno juu yake: hana dini, hajui sabuni. Malisho yao yalikuwa yamelimwa yakawa ngano, ng'ombe wao walizunguka mbali kutafuta nyasi, na bado alivuka korongo na samli kwenye kibuyu kidogo. Alichuchumaa, akamtazama Sajini kwa muda mrefu. Mimi hakunitazama.

"Mbwa yangu ilichanwa na nguruwe," alisema. "Ililala sana. Ikapona. Wewe ngoja tu, mama."

Akaondoka. Mpaka leo sijapata mahubiri mazuri kuliko hayo.

Kidonda kilianza kufunga. Sajini alianza kulala kwa ubavu, na asubuhi moja alinyanyua mkia aliponiona, mara moja, ukaanguka. Nililia kidogo kwenye moshi ambapo machozi hayahitaji maelezo. Nilidhani tumeshavuka hatari.

Jumapili hiyo Bura alikuja, koti lake jeusi la ibada limepigwa pasi, na kwapani ana zawadi. Lilikuwa gunia la mbegu. Inabidi niwaeleze haya magunia. Ngano ya kupanda ililetwa shambani kwenye magunia mazito mazuri, na mbegu zenyewe zilikuwa zimepakwa dawa ya unga wa rangi ya waridi ili wadudu na ukungu wasizishike. Kila msimu wa kupanda shamba lilitangaza kwamba mbegu hizo ni sumu, mtu asile, na hata mjinga wa mwisho alilijua hilo. Lakini mbegu zikishapandwa, gunia linabaki. Bura aliyatoa stoo akayagawa, na heshima yake yote pale Gendabi ilisimama juu ya magunia hayo. Yalikung'utwa, yalifuliwa mtoni, yalianikwa, yakatandikwa vitandani, yakaanikiwa mahindi, yakashonwa mapazia. Aliyepewa gunia na Bura alikuwa mtu wa watu.

"Nimesikia mgonjwa anataka godoro," alisema, akicheka. "Basi mbwa wa shemeji naye alale kama bosi."

Nikashukuru. Lilikuwa limefuliwa mara mbili, laini, zito, na daktari alisema alale pakavu palipo laini. Nilimtandikia.

Baada ya hapo Sajini akaanza kurudi nyuma. Kwanza alikataa ugali, kisha akakataa samli. Mate yakawa yanamtoka mfululizo. Akatapika. Mwili ukaanza kutetemeka, si ule mguu tu, mwili mzima, na alipojaribu kuinuka miguu ya mbele ilienda kila mmoja njia yake. Mimi nilifikiri ni maumivu yamerudi. Nikawahisha vidonge, nikamkanda, nikamgeuza, na kila nilipomgeuza nilimrudisha vizuri juu ya gunia lake. Mshono wenyewe ulikuwa mkavu, hauna usaha, na hilo lilinichanganya kabisa.

Katikati ya wiki Bura alipita tena, na wakakaa kikao, yeye, mama mkwe na mume wangu, juu ya mbwa wangu, ndani ya jiko langu, mimi nikiwapikia. Mama mkwe alisema mnyama anateseka na mwenye kumtesa ni mimi. Bura alisema atakuja na rungu Jumapili baada ya ibada. Kama mbwa atakuwa amesimama, sawa. Kama hajasimama, atamaliza kazi ambayo kombaini iliianza. Nilimtazama Tluway.

"Tuone kwanza," alisema.

Usiniambie kwamba walikuwa na huruma. Mwenye huruma anauliza mgonjwa ana nini. Hawa walitaka jiko lao, na ndoo yao, ambayo hata hivyo haikuwa na kitako.

Siku iliyofuata nilimvua Sajini ile ndoo niioshe, maana mate yalikuwa yameigandia. Ndani, ukingoni, nikakuta rangi nyekundu hafifu. Damu, nikasema moyoni, sasa anatoka damu mdomoni, basi imekwisha. Nikaifuta kwa kidole nikaenda mlangoni kwenye mwanga. Damu ikikauka inakuwa ya kahawia. Hii ilikuwa ya waridi, waridi ya kupendeza kabisa, na nilikuwa nimeiona mahali. Nimeifua. Kila msimu wa kupanda mashati ya Tluway yalirudi na rangi ile kwenye mikono, na nilikuwa nayafua mbali na vyombo kwa sababu aliniambia ni dawa ya mbegu.

Nikaligeuza gunia. Juu lilikuwa safi. Nikafumua mshono wa pembeni, na ndani ya mkunjo unga ulikuwa umejaa, umeshikana kwa maji ya kufulia, haukwenda popote. Mimi nilikuwa nimemziba asilambe kidonda chake. Basi alilamba alichoweza kukifikia, na ndoo ilipomgandamiza shingo hadi sakafuni, alichoweza kukifikia kilikuwa kitanda chake.

Nililitoa nje kwa fimbo. Nilimwosha Sajini kwa kipande chetu cha mwisho cha sabuni, miguu, mdomo, tumbo, mpaka maji yakawa safi, nikamlaza kwenye mabua makavu ya ngano. Kisha nikatembea mpaka josho, kwa sababu ilikuwa siku ya kuogesha ng'ombe na daktari huwa anakuja. Alinisikiliza bila kuacha kuhesabu ng'ombe. Jioni alisimamisha pikipiki yake uani kwetu, akamchoma sindano, akalitazama gunia bila kuligusa.

"Hayo si maumivu ya mguu," alisema. "Ni sumu hiyo. Mwambie kila mwenye gunia kama hili alitoe nyumbani."

Nikaenda kumwambia kila mtu. Nilianza na mama mkwe, ambaye alikuwa na mawili kitandani kwake. Alisema yamefuliwa. Nilikwenda kwa yule wa vidonge vya jino, akasema sumu ya mbwa ni ya mbwa. Katekista alicheka kwa upole. Na wote, kila mlango, walinipa jibu moja: magunia yametoka kwa Bura, Bura ni mtu wa stoo, Bura angetupa sumu? Mwanamke amechanganyikiwa na mbwa. Azae kwanza. Nilirudi nyumbani nimeshiba dharau kiasi cha kutohitaji chakula cha usiku.

Jumamosi Sajini alikunywa maji. Jumapili asubuhi alikula tonge la samli, kisha la pili. Kutetemeka kulikuwa kumepungua kukabaki kwenye midomo. Lakini kusimama, hapana. Nilimpitishia kanga tumboni nikamnyanyua mara tatu, na mara tatu alikunja miguu akakaa. Nilimbembeleza. Nilimtukana. Niliona jua linapanda na nikajua kigangoni wanaimba wimbo wa mwisho.

Bura alifika na koti lake jeusi, rungu kwapani. Mama mkwe na Tluway walikuwa nyuma yake.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Amesimama?"

"Hajasimama. Amekula."

"Tulisema asimame."

Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikalileta lile gunia kwa fimbo, nikalitandaza chini mbele ya viatu vyake.

"Lala hapo, shemeji."

"Nini?"

"Lala mpaka jioni. Na ulilambe kidogo. Ukiamka mzima, mchukue mbwa."

"Martina!" Mama mkwe alishika kichwa. "Unasema na mkubwa wa mume wako!"

"Najua ninasema na nani, mama." Nikamwonyesha Bura mshono niliofumua, na unga wake, nikamwambia aliyoyasema daktari, neno kwa neno. Alisikiliza huku anatabasamu, lile tabasamu la stoo.

"Shemeji, wewe ni mtu wa nyumbani, hujui mambo ya kazi," alisema. "Hao wakubwa kila mwaka wanatuambia tuyachome haya magunia. Kila mwaka! Eti yachomwe, yasitoke nje. Ni roho mbaya tu, hawataki mtu mdogo apate hata gunia. Ndiyo maana mimi huwa nayatoa ku..."

Akaishia hapo.

"Waliwaambia myachome?" Tluway aliuliza. Hakusema tuone kwanza.

Bura alichuchumaa, rungu likaanguka, akausogeza mkunjo wa gunia kwa ncha ya kidole, kisha akakitazama kidole chake. Tabasamu lilikuwa bado usoni, limesahauliwa tu.

"Mtoto wangu wa mwisho," alisema, na sikujua anamwambia nani. "Hapati usingizi mpaka anyonye pembe ya gunia."

Halafu akainuka, akakimbia. Mwanaume mzima, msaidizi wa stoo, na koti la ibada linapepea, aliruka uzio wa miiba ambao siku zote alitaka afunguliwe. Yule mtoto walimwahi, niwatoe wasiwasi. Alikuwa anatapika siku nyingi nao wanampa dawa ya minyoo. Alilazwa, akapona, na leo ana watoto wake. Magunia ya Gendabi nzima yalifukiwa shimoni wiki hiyohiyo, na wale walionicheka waliyabeba wenyewe kwa fimbo. Hakuna aliyekuja kuniomba radhi na sikumngoja yeyote.

Lakini asubuhi ile, Bura akiwa bado hajafika korongoni, nilisikia kitu kinagonga jikoni. Ilikuwa ndoo. Mbwa hawezi kumsikia mtu anakimbia akatulia. Sajini alitoka kwenye mabua, akajigonga mlangoni, akayumba, akaupeleka uzito wote kwenye ule mguu mmoja wa nyuma, akasimama uani kwenye jua, mbavu zote zinahesabika. Akabweka. Tangu kombaini hakuwa ametoa sauti. Akabweka kwa nguvu, ndoo ikiikuza sauti yake, kuelekea lile koti jeusi linaloteremka mlima.

"Mnyamazishe," mama mkwe alisema. "Huyo ni mkubwa wenu."

Nilimwacha abweke.